Neno "lethargic" kwenye kadi ya mama yangu

Wakuu, marahaba kwa wote mtakaoniamkia, maana mimi ni bibi kizee na simu hii ni ya mjukuu. Haya niliyaona mwenyewe, sina haja ya kutia chumvi.

Juzi mtu humu kaandika "leo niko lethargic" akaweka emoji ya kucheka. Mimi niliiweka simu chini.

Enzi za mkoloni, kwetu karibu na Busia, mbung'o walileta malale, ule ugonjwa wa usingizi. Wapimaji wakija, tunapanga mstari tunapapaswa shingo. Ukikutwa na uvimbe unapelekwa kambini Tororo, kwenye sindano ya uti wa mgongo. Wengi hatukuwaona tena.

Basi kila nyumba ilimficha mgonjwa wake ndani ya ghala la wimbi. Hata ninyi mngeficha, msijifanye.

Mama alianza kusinzia akisaga. Akaenda zahanati mara moja, akarudi na kadi yenye neno hilo.

Baba akaniuliza, "Hii karatasi nasema nini?"

Nilikuwa darasa la sita, sikujua. Mwalimu wangu akafungua dictionary: mtu mzito, anayesinzia, asiye na nguvu. Akaendelea hadi kwenye asili. Ni Kigiriki: lethe ni kusahau, argos ni asiyefanya kazi.

Kusahau! Usingizi nilishauzoea, lakini hili liliniogopesha vibaya sana. Tangu hapo kila asubuhi nikawa namuuliza, "Mama, mimi nani?" Anacheka, "Wewe Nekesa yangu."

Wapimaji waliporudi, baba akamficha ghalani. Nikainua paa nimpe uji, nikauliza swali langu.

Akanitazama usoni. "Wewe mutoto ya nani?"

Nilikimbia hadi kwenye mstari nikawaonyesha wapimaji ghala kwa kidole. Walimbeba mbele ya kijiji kizima.

"Umeua mama yako," baba akasema. Hakunisemesha tena. Miezi ikapita, kila gari likinguruma barabarani natoka kuchungulia.

Siku moja lori likamshusha mama, mifupa mitupu. Baba akamkimbilia. Mimi nilibaki mlangoni, sikuthubutu kumuuliza.

Akaingia, akashika kwa vidole unga niliokuwa nimesaga.

"Nekesa, nani nakufundisha kusaga vibaya hivi?"

Akanisukuma pembeni, akakaa kwenye jiwe lake. Nililia mpaka baba naye akalia.

Wakuu, msimfiche mgonjwa kwa kuogopa anakopelekwa. Na mkichoka, semeni mmechoka tu. Kama kwenu kuna aliyefichwa ghalani, andikeni hapa. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.