Fahali Mwenye Mabawa Mlangoni Kwetu

Wazazi wetu walipofariki niliacha skuli, nikabaki na wadogo zangu wawili katika nyumba yetu ya Ibra, Omani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Haukupita muda, shangazi yetu wa Sur akatuma salamu: Alkhamisi anakuja kumchukua mdogo wa mwisho, akalelewe na watu wazima. Wiki ile sikutulia. Nikiufagia uwanja niliokwisha kuufagia, nikichungulia barabara kila gari likipita.

Mtoto mwenyewe alikuwa na lake. Alinionesha tu picha katika kitabu chake cha tarikhi, sanamu la Iraki ya kale: kichwa cha mtu mwenye ndevu, mwili wa fahali, mabawa ya ndege. Watu wa zamani waliwaweka wawili wawili kwenye malango ya mfalme, shari isipite. Kwa siku mbili akafinyanga fahali wa kwake kwa tope la kando ya falaji, mfereji wa kumwagilia mitende, akamweka kizingitini.

"Mbona miguu mitano?" akauliza yule wa kati. "Huyo si mlinzi, meza iliyoharibika."

"Ndivyo alivyo kitabuni. Ukimtazama mbele kasimama, ukimtazama ubavuni anakwenda."

Ilikuwa nimwondoe. Malaika hawaingii nyumba yenye sanamu, tumelelewa hivyo, na shangazi hakuhitaji sababu nyingine ya kumchukua mtoto. Lakini kila nikimwinamia, mtoto ananitazama, napita.

Alkhamisi shangazi akasimama mlangoni, hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Nini hiki? Ndiyo malezi haya? Malaika wapite wapi?"

Nikaingia jikoni, nikatoka na kisu, nikamkata fahali kichwa mbele yao wote.

"Tulipokuwa Unguja ulivikata vichwa vya watoto wetu wa bandia, shangazi. Ukasema kisicho na kichwa si sanamu."

Mtoto akakiokota kichwa. Kisha shangazi akacheka kidogo, bila ya kutaka. "Ulimi wa mama yako huo." Akavua viatu, akaingia, akala tende, akanywa kahawa. Alasiri akapanda gari peke yake. "Baada ya Idi nitarudi kutazama."

Mtoto alikuwa bado kakishika kile kichwa chenye ndevu.

"Sasa fahali ataonaje, dada?"

Nikamwambia nitatazama mimi. Na mpaka Idi, kila asubuhi kabla ya chai, nilisimama kizingitini nikiitazama barabara ya Sur.