Bi Febronia Akalia Nyama ya Mtaa Mzima

Saa tatu asubuhi, Bi Febronia anachambua mchele akiwa ameketi juu ya friza. Sebuleni kuna viti vinne, na vyote vitupu. Umeme umekatika Manyoni tangu jana mchana, na mama huyu wa miaka arobaini na sita ameapa kwamba mfuniko hautafunguliwa mpaka urudi.

"Hodi humu!"

Mikono inasimama juu ya ungo. Sauti hiyo anaijua. Ni jirani yake, Mzee Damiani Mazengo, amekuja kumwangalia mbuzi wake.

Mbuzi mwenyewe alichinjwa Jumatatu, akakatwa vipande, na sasa yumo ndani ya friza akiwasubiri wageni. Kesho, Jumamosi, watu wa upande wa kijana anayemposa binti wa mwisho wa mzee watashuka kwenye treni kutoka Itigi. Nyama ikiharibika, wakwe watalishwa maharage, na habari hiyo itafika Itigi kabla yao. Kwa Bi Febronia nao utakuwa mwisho wa kazi, maana nani tena atamwamini na nyama yake?

Kazi yake ni kuwahifadhia watu vyakula. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa na mitumba ya ng'ambo kuanza kumiminika, hata friza zilizochoshwa na wenyewe huko zimepata makazi mapya huku. Hii aliinunua Singida mjini, dukani kwa Shiraz, baada ya kuuza alizeti ya misimu mitatu. Ilikuja juu ya lori, yeye akiishikilia njia nzima kama anayesindikiza mgonjwa.

Leo familia zaidi ya kumi zinamletea nyama, na barafu anazouza zinalipa ada za watoto. Masharti yake yanajulikana. Nyama ipoe kwanza. Ifungwe kwenye mifuko ya nailoni, kidogo kidogo, kiasi cha kupika mara moja. Ikishayeyuka hairudi ndani, inapikwa siku hiyo hiyo. Na nguruwe haingii kabisa, kwa sababu nusu ya wateja ni Waislamu.

"Hayo yote wanayashika vizuri," anasema. "Linalowashinda ni moja tu. Wanapenda kuitazama."

Mtu akitoka sokoni, anapita kuiona nyama yake. Anasalimu, anaomba maji ya kunywa, anaulizia watoto, kisha mkono unakwenda kwenye mfuniko. Akishaiona anaridhika, anaaga. Umeme ukikatika ndipo wanapokuja wote, kwa sababu ndipo wasiwasi unapopanda.

"Friza ikijaa na ikafungwa vizuri, baridi inakaa humo hata siku mbili," anasema Bi Febronia. "Sasa kila mtu akifungua aone kama baridi bado ipo, ni baridi gani itakubali kukaa?"

Aliwakataza kwa maneno, wakaitikia, wakafungua. Ndipo alipoamua kuikalia. Nani atamwambia mama mwenye nyumba ainuke kwenye kiti alichokichagua? Asubuhi hii Anastazia wa nyumba ya nyuma amezunguka friza mara mbili kama anayetafuta mlango, akaenda zake.

Mzee Damiani ni habari nyingine. Ana miaka sabini na tatu, mtaa mzima hakuna anayemzidi, na mtu aliyelelewa vizuri hamwamkii mzee huku ameketi. Mzee analijua hilo fika. Anaingia, anasimama katikati ya sebule, anakohoa kidogo, anangoja.

"Shikamoo baba," anasema Bi Febronia. Hainuki.

Mzee anatazama dari. "Nani ameniamkia? Sauti naisikia, aliyesimama simwoni."

"Ni mimi, baba. Nisamehe. Nikiinuka utafungua."

"Nafungua cha kwangu!"

"Cha kwako kiko chini ya ng'ombe wa watu. Baba, ukimwona leo, kesho hutamla."

Mzee anageuka na kutoka bila kuitikia. Kufika adhuhuri, Manyoni nzima inajua kwamba Febronia amemwamkia Mzee Mazengo akiwa ameketi.

"Nililia," anakiri mwenyewe. "Marehemu baba yangu angenichapa, na umri huu. Lakini nikasema bora anichukie nyama ikiwa nzima."

Umeme unarudi Jumamosi asubuhi. Mzee yuko mlangoni na beseni kabla redio za majirani hazijaanza kuimba. Safari hii Bi Febronia anainuka, anaamkia kwa magoti yote mawili, anafungua. Vipande vya mbuzi vinagongana ndani ya beseni. Mzee anakigonga kimoja kwa fimbo yake.

"Sasa hili jiwe litaiva saa ngapi?"

"Liloweke kwenye maji baridi, baba, humo humo kwenye mfuko. Usilianike juani."

Mzee anatafakari. "Marahaba," anasema hatimaye. "Hiyo ni ya jana."

Alasiri wakwe wanafyonza mifupa na kuomba mchuzi zaidi, na posa inapokelewa bila maneno mengi.

Jumatano umeme unakatika tena. Mwandishi anafika na kukuta Bi Febronia ametoka, amekwenda sokoni bila wasiwasi wowote. Juu ya friza ameketi Mzee Damiani, fimbo katikati ya magoti. Mbele yake amesimama Anastazia.

"Nenda nyumbani, mwanangu. Kuku wako mzima."

"Umemwona, babu?"

"Sijamwona. Ndiyo maana ni mzima."

Mzee anamweleza mwandishi kwamba kazi hii ilimfaa tangu mwanzo. "Mimi nimwinukie nani hapa Manyoni?"

Bi Febronia anarudi na kapu la nyanya, anacheka mpaka anajifuta machozi. Anasema anataka kununua friza ya pili, Mungu akijalia alizeti ya mwaka huu. Lakini lililo kubwa moyoni mwake ni jingine.

"Namwombea huyu mzee maisha marefu," anasema. "Anayemfuata kwa umri ni dada yake, na huyo anapenda kuchungulia kuliko sisi wote."