Wanafunzi Tuliowahurumia Kisegi

Kinyozi mmoja wa Migori mjini aliniambia, wembe wake ukiwa shingoni mwangu, kwamba wanafunzi wa chuo kikuu wanaotumwa vijijini ni wale waliofeli. Hawafukuzwi, alisema, maana serikali imeshawalisha sana. Wanapelekwa kwa wananchi kutumikia adhabu, na wananchi wakiwasifu vizuri, wanasamehewa na kurudishwa darasani. Binamu yake alikuwa akifagia huko chuoni, na anayefagia huona yote. Niliamini kabisa. Mtu mwenye wembe shingoni mwako habishiwi, lakini hata nilipofika nyumbani Uriri niliendelea kuamini, na huko hakukuwa na wembe.

Nilikuwa na sababu. Mimi nimesoma masomo ya jioni, gumbaru kama walivyotuita, nikamaliza nikiwa na ndevu kumshinda mwalimu. Najua utamu wa dawati. Sasa mtu mwenye akili timamu aache kitanda cha chuo kikuu aje kulala Kisegi, kijiji cha kando ya ziwa ambako mbu wa miaka ile walikuwa na ukubwa wa kuku? Haikuniingia akilini. Labda awe amefeli.

Kisegi ndiko nilikonunua omena, wale dagaa wa ziwani, nikaenda kuiuza Uriri, na ndiko dada yangu alikoolewa akaachwa mjane. Yeye na akina mama wenzake walianika omena chini, juu ya nyavu kuukuu kando ya ziwa. Jua likiwaka, hakuna neno. Masika yakianza, omena ilioza kabla hujageuka, na harufu yake ingeweza kumwamsha marehemu shemeji yangu. Watoto wa dada walisoma kwa omena hiyo. Kila masika yeye aliangalia mawingu kama mtu anayesomewa hukumu.

Ndipo wakaja wanafunzi wawili, msichana mrefu na mvulana mwenye miwani. Chuo chao kilikuwa na mpango: mwanafunzi akae na wananchi, wabuni pamoja biashara ya kuondoa shida yao, na chuo kitoe mbao, fundi, na mhadhiri wa kuja kukagua. Wao wakabuni sanduku la kukaushia omena. Lilikuwa na miguu ya mbao, wavu katikati, na nailoni nyeupe juu, ili omena ikauke humo hata mvua ikinyesha.

Lilipendeza machoni. Ubaya wake lilitoa jasho. Mvuke ulipanda ukagonga nailoni, ukarudi chini kama kimvua, na omena ikatoka imechemka, kichwa huku, mwili kule. Wateja wangu Uriri waliniuliza kama siku hizi nauza uji.

"Tuwaambie," dada alisema. "Ni watoto wazuri hawa, hawatakasirika."

"Uwaambie wafukuzwe?" nikamjibu. "Hawa wako kifungoni, nyar baba, dada yangu! Sifa zetu ndizo dhamana yao."

Nikawaeleza akina mama habari ya kinyozi, na nikaiongezea chumvi kidogo, sawa, gunia. Wakasikitika. Na kwetu, mgeni akikupikia chumvi ikazidi, unaomba maji ya kunywa na kunyamaza. Basi ukawa mchezo wa huruma. Mvulana akishika nyundo, mama mmoja anampokonya: "Pumzika mwanangu, umeteseka ya kutosha." Yeye anabaki ameduwaa, mikono mitupu. Msichana akiuliza kama sanduku linafanya kazi, jibu lilikuwa moja: "Vizuri sana, ero kamano!" Shukrani juu ya shukrani. Lakini omena tuliikausha chini kama zamani, kisha tukaijaza sandukuni kabla wao hawajatoka walikolala.

Siku ya mhadhiri nilivaa tai. Alikuja na pikapu, fundi nyuma pamoja na mbao na nailoni zaidi. Akaonja omena sandukuni, akatikisa kichwa kwa furaha. Akina mama wanajua Kiswahili cha kutosha kuuza samaki hadi Ntimaru, lakini mimi nilisimama kuwa mdomo wao. Nikasema tangu sanduku lije, samaki wanatoka ziwani wenyewe wakipanga foleni kukaushwa.

Msichana akajikohoza, akamgeukia mhadhiri. "Daktari, mimi nina wasiwasi na unyevu. Ile nailoni..."

"Huyu mtoto ni mnyenyekevu mno!" nikamkata, nikicheka. "Hataki sifa."

Mhadhiri akanipita, akamwelekea dada yangu. "Mama, kuna tatizo lolote? Sema tu."

Dada akanitazama. Mimi nikatazama miwani ya yule mvulana, nikafikiria adhabu yake, nikamkonyeza dada.

"Hakuna," akasema.

"Basi hapa kazi imekamilika," mhadhiri akasema. "Vifaa hivi na fundi tuvipeleke kwingine penye haja." Pikapu ikaondoka na mzigo wake wote. Akina mama wakapiga vigelegele, na changu kilikuwa kirefu kuliko vyote. Tulikuwa tumewaokoa watoto!

Masika yakaja. Omena ya dada ikaoza, ya chini na ya sandukuni, na kijana wake mkubwa akakaa nyumbani muhula mzima akirekebisha nyavu za watu. Dada hakunilaumu. Aliniandalia chai kama kawaida, akaiweka mezani bila kunitazama. Mimi mwenye hadithi za kujaza soko la Uriri, niliinywa haraka nikaaga.

Likizo ilipofika, msichana alirudi, peke yake, bila kutumwa na yeyote. Akakuta kuku wanataga sandukuni.

"Anko," akaniuliza, "hawa wanakaushwa?"

Dada ndiye aliyesimulia yote, kuanzia kwa kinyozi, kwa Kiswahili chake mwenyewe kisichohitaji mdomo wangu. Nilingoja msichana acheke. Kucheka kungenisaidia. Hakucheka. Alichutama, akamtoa kuku mmoja kwa upole, akaigusa nailoni iliyochanika.

"Hatukufeli, Anko," akasema. "Tuliomba kuja hapa. Tulioomba Kisegi tulikuwa wengi, wakachagua wawili. Na Daktari alikuja na fundi ili mumwambie kilichoharibika. Sanduku lilihitaji matundu ya hewa tu. Yangetobolewa siku ileile."