Swali la Shati na Sketi

Wanafunzi wake walimwita Kamusi, naye jina hilo lilimvimbisha kichwa haswa. Kila alasiri aliwafundisha watu wazima Kiingereza, wamebanwa magoti kwenye madawati ya watoto. Mtu akiuliza swali la ovyo, Kamusi aliliandika kwenye kona ya ubao, chini ya neno "Vituko", likakaa hapo wiki nzima watu wakilicheka. Tabia gani hiyo, jamani, kwa mtu mwenye mvi!

Siku moja mwanafunzi mmoja, fundi cherehani, akauliza swali. Mama huyu alikuwa amebakiza mwezi mmoja afanye mtihani wa cheti cha ushonaji, karatasi yote Kiingereza, na bila darasa lile asingefua dafu.

"Mwalimu, shati na sketi, kwa Kiingereza si majina ndugu hayo? Nikiyasikia naona yanafanana."

"Undugu wa wapi? Moja la juu, jingine la chini!" Kamusi akaliandika swali pale konani. Darasa likaangua kicheko. Fundi akainama, akajifanya anatafuta kalamu. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Siku ya tatu Kamusi alikuwa akipekua kitabu chake kinene cha asili ya maneno, akitafuta jambo lingine kabisa, akayakuta yale majina mawili. Yalitoka tumbo moja. Zamani yote mawili yalikuwa vazi fupi tu. Moja la wenyeji wa Uingereza, jingine wakaja nalo wageni kutoka ng'ambo, na miaka ilivyokwenda moja likabaki kifuani, jingine likateremka kiunoni. Uso ukamwaka. Akaifuta ile kona kwa kiganja, akaenda mbio kwa fundi.

Alimkuta anatunga uzi. "Ulisema kweli, fundi. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwalimu. Lakini kunicheka ulinicheka mbele za watu, radhi unaniomba tuko wawili?"

"Kesho nitawaambia wote. Wewe njoo tu."

Akaja kweli, akakaa nyuma na daftari jipya. Kamusi akasimama, akakohoa, akazitazama zile nyuso thelathini zilizokuwa zikimwamini. Aibu ikamshinda.

"Fungueni ukurasa wa arobaini," akasema.

Fundi alisubiri mpaka ukurasa ule ukaisha. Kisha akakusanya vitu vyake, akasema kwa heshima, "Kwaheri, mwalimu," akatoka.