Kunyamaza Magamba

Kwa mwaka mzima niliamini kwamba waandishi wa Marekani wa mkondo wa Ulimbwende, wale wa zamani waliotukuza maumbile na hisia za moyo, walijificha msituni bila kusema na binadamu, na kwamba aliyejibu hata salamu moja, maneno yote yalimtoroka. Aliniambia Kibwana, mwenzangu wa darasa la jioni hapa Tanga, tena kwa kiapo. Basi nilipochaguliwa kuwasomea wanafunzi wapya insha kuhusu waandishi hao, nami sina hata mstari, nikafunga begi kwenda Usambara kunyamaza.

Kutoka Mombo tulipanda kona kali hata nadhani dereva aliliona basi lake kwa nyuma. Lushoto nikabadili gari, na jioni nikapokewa kijijini Malindi, huko huko milimani, na Bi Zaina, shangazi yake Kibwana, mkulima wa kabichi kubwa kuliko begi langu.

Alfajiri nikaanza ukimya. Njia ya msitu wa Magamba ilikuwa na ukungu wa kukatwa kwa panga. Akina mama wakanisalimu, nikatazama miti. Akapita Mzee Idi, jirani wa Bi Zaina, jembe begani. Nikatazama miti.

"Kijana wa Tanga," akasema, "shikamoo huko kwenu imepanda bei?"

Nikashika njia ya msituni. Hadi adhuhuri sikuwa nimeandika neno.

Niliporudi, ua ulijaa majirani wenye nyuso za msiba. Mzee Idi alikuwa ametafuta gari la kunipeleka hospitali. Aibu ikanishinda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe ulimi upo."

Nikawaeleza. Walicheka hadi kuku wakakimbia. "Kunywa uji, mwanangu," Bi Zaina akasema. "Hao Wamarekani watasubiri."

Tukiwa tunakunywa, Mzee Idi akasimulia alivyopotea msituni ujanani: aliogopa sana, kisha jua likapenya kwenye miti, akasahau kuogopa, akakaa tu kutazama. Hapo kalamu yangu ikaamka. Nilirudi Tanga na insha nzima, na kabichi mbili, na deni la shukrani nisiloweza kulibeba.

Ijumaa nikasoma. Baadhi ya wanafunzi wapya wakaomba nirudie kipande cha Mzee Idi. Baadaye nikamuuliza Mwalimu Rehema, anayetufundisha fasihi, kwa nini maneno hayakunitoroka nilipomsalimia Mzee Idi, kama Kibwana alivyoapa.

"Yatoroke kwa nini?" akasema. "Watu wale walikuwa na majirani. Walitembeleana, walikula pamoja, walibishana. Walipenda msitu, basi. Hakuna aliyekatazwa kusalimia."