Mbwa wa Fundi Hakulishwa Sumu

Mbwa wa fundi hakulishwa sumu. Hilo liwekwe sawa kwanza, maana mtaani watu wana ndimi ndefu kuliko futi ya kupimia nguo. Mwanamke wanayemsingizia ni mjane wa kaka yake fundi, mwalimu mstaafu, aliyesoma akasomesha, na hajawahi kumtia mtu wala mnyama kitu kinywani kwa hila.

Aliyeanza kushuku ni fundi mwenyewe. Alikuwa akishonea katika chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu kaka yake, na Pamba, mbwa mweupe aliyeachwa na marehemu, alikuwa akilala chini ya cherehani. Pamba alikuwa amezeeka. Macho yalikuwa na ukungu, na kuinuka kwake kulikuwa kwa awamu, kama mzee anayeitafuta fimbo. Daktari wa mifugo alipokuja alimbonyeza tumbo, akasema lina uvimbe na linajaa maji, afadhali apumzishwe kwa sindano. Shemeji akaitikia kwa kichwa. Fundi akaona kichwa kile kimeitikia upesi mno.

Akaikataa sindano. Daktari alipoondoka, fundi alivua futi shingoni mwake, akampima Pamba kiuno kama anavyopima wateja. Kiuno kilikuwa kimeongezeka. Wiki iliyofuata kikaongezeka tena. Sasa, mteja hudanganya na kioo hudanganya, lakini futi, kwa fundi yule, ilikuwa kama kiapo. Mbwa wa kufa hanenepi. Basi daktari alitaka nini? Na shemeji alikuwa na haraka gani? Akakumbuka koti la marehemu lilivyogawiwa, na kiti chake kilivyotoweka sebuleni. Kilichobaki cha kaka yake katika nyumba ile kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kinahema miguuni pake.

Toka hapo akawa mpelelezi. Mlango wa jikoni aliuacha wazi, akisingizia joto. Shemeji akipita na bakuli, cherehani inanyamaza. Asubuhi moja akamwona akisaga kitu kati ya vijiko viwili, unga mweupe, akautia katika uji wa mbwa na kukoroga.

"Shemeji, hicho nini?"

"Dawa ya maumivu. Aliiacha daktari."

"Mbona hukuniambia?"

"Neno la daktari hutaki kulisikia. Nilitaka nikuambie kwa tarumbeta?"

Bahati mbaya palikuwa na mteja, mama aliyekuja kupunguziwa sketi na ambaye hakuwa na haraka ya kuondoka. Akacheka chinichini. "Kikulacho ki nguoni mwako, fundi," alisema. "Na nguo ndiyo kazi yako." Habari ilitoka mlangoni pale ikiwa dawa, ikafika sokoni ikiwa sumu.

Shemeji hakumjibu. Yeye hajibizani na watu wenye pini pindoni. Aliliweka bakuli juu ya meza ya kukatia, akachovya kidole katika uji ule wa mbwa, akalamba, kisha akamkazia fundi macho mpaka fundi akainama.

"Sasa mpime shingo."

"Shingo ya nini?"

"Mpime tu. Na paja. Wewe si fundi?"

Fundi akapiga magoti. Ukanda wa shingoni aliushona mwenyewe, na siku zile alikuwa ameshauona unacheza, akashuku kuna mtu ameulegeza. Akapitisha futi chini ya manyoya. Vidole vyake vikakutana upesi, kama kwenye mkono wa mtoto. Paja lilikuwa ngozi na mfupa. Kumbe siku zote alikuwa akipima maji. Hakuna fundi anayempima mteja mahali pamoja akakata nguo, na yeye alikuwa amepima pale tu palipompendeza.

"Anaumia sana?" aliuliza.

"Ukiwa hapa anajikaza. Ukitoka ndipo analia."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kunichunga mimi ukaacha kumchunga yeye."

Fundi alikaa sakafuni kitambo, kichwa cha mbwa mapajani. Kisha akasema daktari aitwe, na kabla hajafika, kiti cha kaka kiletwe kama bado kipo, Pamba alazwe juu yake.

"Kifuate mwenyewe," shemeji alisema. "Kipo chumbani kwangu."

Kilikuwa kando ya kitanda, mto wake umekunjamana kwa kukaliwa kila siku. Fundi alikibeba mpaka sebuleni. Mchana ule ule daktari alifanya kazi yake, na fundi hakuondoa mkono kwenye ile shingo nyembamba mpaka mwisho.

Yule mama alirudi kuchukua sketi yake. Alitaka kujua kama fundi alilia, na kama alimwomba shemeji yake radhi, na kwa maneno gani.

Mjane alimkabidhi sketi ikiwa imekunjwa vizuri.

"Mbwa wetu alikuwa mzee, alikuwa mgonjwa, amekufa. Hayo mengine ni ya nyumba hii, na sisemi."