Upande wa Kwetu

Dukani Mbarara muuzaji alikunjua turubai jipya mbele yangu, na harufu ya plastiki ikanirudisha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye kaburi la nyanya yangu.

Aliugua wiki ileile tuliyofika kutoka Kongo. Pasta wa kambi alimweleza kwamba Mkristo huzikwa miguu ikielekea mashariki, ili siku ya ufufuo ainuke akimtazama Yesu anayekuja.

"Miye munizike nikiangalia kwetu," nyanya alisema.

"Mama, utamupa Yesu mugongo?" pasta aliuliza.

"Anajua kwetu. Atanikuta kule."

Alifariki kesho yake. Mvua haikuwa imekatika tangu tufike, na jua tulikuwa hatujaliona. Wanaume tuliokuja nao katika lori moja walifunga turubai juu ya miti minne, wakauliza Kongo iko upande gani. Mama alikuwa akilia. Mimi nikanyoosha kidole kwenye barabara iliyotuleta. Pasta, aliyekuwa ameishi pale miaka mingi, alikitazama kidole changu, kisha akafungua Biblia yake. Wakachimba.

Siku ya tatu mvua iliacha. Jioni mimi na mama tulikwenda kusawazisha udongo, tukaliona jua likizama upande wa Kongo, nyuma kabisa ya kichwa cha nyanya. Mama aliweka jembe chini, akalitazama mpaka likaisha.

"Sikujua," nilisema.

"Nyamaza," aliniambia. "Yesu atamugeuza."